Udongo wa Nyuma ya Jiko

Nyie mliokaa kule nyuma, sogeeni jamani, maana habari hii ina harufu. Mvua ya kwanza ikipiga majivu yaliyochanganyika na mavi ya mbuzi, mimi popote nilipo narudi Misima, nina miaka tisa, nimechuchumaa nyuma ya jiko la bibi na mfuko wa plastiki mkononi.

Shamba letu lilikuwa limegoma misimu mitatu. Mahindi ya njano, mafupi, kuku alipita juu yake bila kuinua mguu. Msicheke, tulikuwa tunakula mara moja kwa siku. Baba alishasema: likigoma tena, anakwenda Mnyuzi kukata mkonge. Na bibi, mama yake, ambaye kwa maneno angeweza kuichosha redio, akisikia Mnyuzi tu ananyamaza. Babu alikwenda huko huko kwenye mkonge kabla baba hajaota meno. Hakurudi.

Basi akaja bwana shamba, kijana mwenye buti kubwa kuliko yeye. Akatukabidhi mfuko, akasema tuchote udongo sehemu mbalimbali za shamba, tuuchanganye, aupeleke kupimwa. Akavuka kwenda kwa majirani. Bibi akanivuta sikio.

"Usiende shambani wewe. Chota nyuma ya jiko."

Nikachota. Bibi akaumwaga kwenye ungo, akaupepeta, akachagua vijiwe kimoja kimoja kama mchele wa harusi. Nikajua ni heshima ya mgeni. Kwetu mgeni hatukumpa makombo, sasa udongo mbaya angepewaje?

Wiki kadhaa zikapita, majibu yakaja. Bwana shamba akakaa kwenye kigoda akasoma: udongo wetu una rutuba tele, hauhitaji kitu. Bibi akatabasamu mpaka nikayahesabu meno yake yote manne. Baba akaitazama karatasi, akalitazama shamba.

"Kama udongo ni mzima," akasema taratibu, "basi mbovu ni mimi. Mama, kesho naondoka."

Bibi akamdaka shati, likamponyoka. Baba akaingia ndani, nikamsikia anavuta begi uvunguni. Ndipo nikapiga kelele, nadhani hadi Korogwe mjini waligeuka: "Ule udongo ni wa nyuma ya jiko!"

Nikangoja kofi. Halikuja. Bwana shamba alikunja karatasi yake, akasema, "Bibi, naomba unionyeshe."

Akapiga magoti pale jalalani nyuma ya jiko, akachimba kwa mkono. Ikatoka minyoo minene kama kamba za kufungia ng'ombe.

"Umeweka nini hapa?"

"Takataka tu. Majivu, mavi ya mbuzi, maganda ya kunde. Tangu nilipoolewa."

"Basi karatasi haikukosea, bibi. Dawa unayo. Umeiweka mbali na mgonjwa."

Wakalizunguka shamba lote, yeye na bibi. Bibi akamwonyesha kiduha kilipoanzia, lile gugu la maua mekundu linalonyonya mahindi mizizini, na mahali maji ya mvua yanapokimbia na udongo wetu. Bwana shamba akaandika, akachota mwenyewe pale bibi alipomwelekeza. Baba akakubali kungoja karatasi ya pili. Nayo ikasema udongo umechoka vibaya. Ajabu, baba aliposikia hivyo akarudisha begi uvunguni. Sasa palikuwa na kitu cha kutibu.

Tukachimba mashimo, tukajaza samadi ya bibi, tukapanda kunde katikati ya mahindi kama bwana shamba alivyotaka, na mabua hatukuyachoma tena. Ningependa kuwaambia mahindi yaligonga mawingu. Hapana. Yalifika begani kwa baba. Yalitosha, na baba hakwenda.

Leo nina mwanangu aliye mbali, ndipo nimeelewa. Bibi hakuwa anamheshimu mgeni kwa ule ungo. Alikuwa anamshikilia mwanae.

Bwana shamba aliporudi na mifuko yake mwaka uliofuata, baba alikuwa amesimama pale pale, jembe begani. Bibi akamkabidhi mgeni mfuko umejaa, vijiwe na vyote, akamnong'oneza kwa ile sauti yake inayosikika kitongoji cha pili:

"Huu ni mbaya kweli kweli, nimeutoa kwenye kiduha. Ila nakuomba, kijana wangu, karatasi yake usiisome mbele ya mwanangu, asije akavuta begi tena!"