Siku Timu Ilipokunywa Ntumba Zangu

Siku ile uani kwangu walikuwepo hawa. Mimi, mwenye pombe. Mume wangu, kipa wa timu ya kijiji. Mama yake, yaani mama mkwe wangu, aliyetoa ulezi. Mwenyekiti wa kijiji, mjomba wa mume wangu, maana yeye na mama mkwe walitoka tumbo moja. Mwalimu wa timu, kijana kutoka Mbeya aliyeletwa kufundisha shule yetu. Huyo hakuwa na undugu na mtu ila kila Jumapili alikula kwangu. Wachezaji wengine, na nyuma yao kijiji kizima. Majina yao ninayo yote, mpaka la mbwa wa mwenyekiti. Siyaandiki, kwa sababu wajukuu zao na wajukuu zangu wanaoana.

Wengi wao wameshazikwa. Mimi nimebaki, na elimu yangu ni ile ya kisomo cha watu wazima, kwa hiyo mnivumilie ninapoandika kama ninavyosema.

Kijiji chetu kilikuwa kipya. Tulihamishwa kutoka huku na huku, tukapangwa mistari mistari kwenye uwanda usio na mti, upepo unakupiga kutoka kila upande. Mikutano ilikuwa mingi. Shamba la pamoja tulikwenda kwa kuitwa majina, na asubuhi kila mtu alikuwa na mgonjwa wa kumwuguza. Lakini mpira ukisikika unapigwa, hata wagonjwa walitoka. Nasema kweli, kilichotufanya tuwe kijiji ni ile timu.

Sasa kwa asiye Mfipa nieleze ntumba ni nini, maana bila hiyo hutaelewa uchungu wangu. Mvua zinapokaribia kuisha, mwezi wa tatu hivi, udongo ukiwa bado laini na majani yamesimama, unayageuza majani kwa jembe, unayafunika kwa udongo, unafanya tuta la duara. Ukimaliza shamba unaliona kama mitungi mingi iliyopinduliwa. Hizo ndizo ntumba. Majani yanaoza humo ndani, na mvua ya mwaka mwingine ikija unazitawanya, unamwaga ulezi wako. Ardhi yetu bila ntumba haizai kitu. Na mvua ikishakatika, udongo unakaza, jembe linaruka kama limepiga jiwe. Ulezi wa mwaka mzima unaamuliwa katika zile wiki chache.

Na mashindano ya vijiji yalipangwa yaanze wiki zizo hizo. Sijui nani aliyapanga. Ninachojua ni kwamba hakuwa na shamba.

Mwalimu alikataza wachezaji kulima. Alisema hivyo nyumbani kwangu, ananawa mikono kwenye beseni langu.

"Kipa hashiki jembe, mama. Mikono ya kipa ni kama ya daktari."

"Na mke wa kipa je, mwalimu?"

"Mke wa kipa anapika vizuri," akasema, na wote wakacheka, na mume wangu akacheka kuliko wote.

Nilipeleka malalamiko kwa mwenyekiti, si mimi peke yangu, wake wa wachezaji kadhaa tulikwenda. Akaitisha mkutano. Alisimama na ile suti yake ya mikono mifupi, akasema, "Ndugu wananchi, vijana hawa wanalipigania jina la kijiji. Basi timu ikiendelea kushinda, kijiji kizima kitawalimia ntumba zao. Hakuna nyumba ya mchezaji itakayolala njaa. Nani anapinga?" Nani apinge. Tulipiga makofi. Na mimi nilipiga.

Tangu siku hiyo nikawa shabiki kwa sababu mbili. Mpira niliupenda, sitaki kudanganya. Lakini pia kila goli tulilofunga mimi niliona shamba langu la kando ya mto linaota ntumba. Nilikuwa nasimama nyuma ya goli la mume wangu, mtoto mgongoni, nampigia kelele: "Toka! Toka uupige, unangoja ukuamkie?" Wanaume walisema huyu mwanamke atamtia kipa wazimu. Lakini alikuwa anatoka, anaupiga.

Na sitamnyima haki yake. Alikuwa kipa. Mikono mirefu, haogopi miguu ya mtu. Mechi ya kwanza tuliwafunga jirani zetu wa ng'ambo ya mto mpaka wakaomba mpira uishe kwa sababu ya giza, na jua lilikuwa bado juu. Ya pili tuliwafuata watu wa Msanzi kwao. Wanawake tulitembea kwa miguu tunaimba, tukarudi tunaimba. Ya tatu walikuja wa Matai na lori, wamevaa jezi za rangi moja, na vijana wetu vifua wazi. Tukawafunga vilevile. Mpaka wazee ambao hawakujua mpira unachezwa na watu wangapi wakawa wanabishana nani apangwe mbele. Mwalimu akaanza kusema tutafika mkoani. Watu wakaanza kusema baada ya mkoa kuna nini.

Basi kila baada ya ushindi nilimwuliza mwenyekiti, "Shikamoo mjomba. Wanakuja lini shambani?"

"Marahaba mkwe. Wiki ijayo. Waache wafurahi kwanza."

Wiki ijayo ilikuja na mechi yake na furaha yake. Mvua zikaanza kurukaruka, leo inanyesha, kesho jua. Mama mkwe alikuwa ananitazama tu. Siku moja akaniita kwenye ghala lake.

"Mwanangu, yule mwenyekiti wako ni mdogo wangu. Nilimbeba mgongoni. Usimngoje."

Akanitolea kapu la ulezi. Ulikuwa ndio wa mwisho, chini yake kulibaki mbegu tu. Akasema, "Pika pombe, uite watu kama tulivyokuwa tunaita zamani."

Desturi ya pombe ya kazi ni hii: unapika, unatangaza siku, watu wanakuja alfajiri na majembe, wanalima mpaka jua la kati, ndipo wanakunywa. Asiyelima hagusi kata ya kunywea. Hata chifu wa zamani alikuwa hagusi. Niliuotesha ulezi, nikauanika, nikausaga, nikaupika. Nilipita nyumba kwa nyumba nikasema Jumatatu. Wote waliitika. Wengine walinitania, "Pombe ya mke wa kipa, hiyo hatukosi." Jumapili ilikuwa imeshaiva, inachemka yenyewe mitungini, ukipita mlangoni harufu inakushika.

Jumapili hiyo hiyo tulicheza na timu iliyotoka Sumbawanga mjini, vijana wa maofisini na madukani, wenye viatu. Tuliwaongoza goli moja. Karibu na mwisho refa akawapa penalti. Nilifumba macho. Niliposikia uwanja umenyamaza nikajua yameisha, kisha nikasikia kishindo cha watu wakikimbia, nikafumbua. Mume wangu alikuwa amelala chini, mpira ameukumbatia kifuani kama mtoto mchanga.

Nilipiga vigelegele mpaka sauti ikakatika. Wakambeba mabegani, wakaanza kuimba, mimi mbele nacheza. Msafara ukafika kwenye njia panda ya nyumba ya mwenyekiti, nikadhani wanageuka huko, maana sherehe zote zilifanyika kwake. Hawakugeuka. Walikuja njia yetu. Hapo ndipo miguu yangu ilipoacha kucheza.

Mama mkwe hakwenda uwanjani. Alikuwa amekaa kizingitini. Alipowaona alisimama, akaweka fimbo yake kukinga mlango.

"Dada, tupishe," mwenyekiti akasema. "Leo tuna furaha."

"Furahini hapo nje. Pombe ni ya kesho."

"Kesho na leo kuna tofauti gani?"

"Tofauti ni jembe. Liko wapi la kwako?"

Watu wakacheka. Mmoja nyuma akapaza sauti, "Bibi, sisi tumelima uwanja mzima leo!" Wakacheka zaidi. Mwalimu naye akasema, "Mama, timu ikishinda ni lazima ipongezwe." Mwenyekiti akaondoa fimbo kwa mkono wake, taratibu, kama mtu anayefungua geti la ng'ombe, akawageukia watu. "Ndugu zangu, pombe hii leo ni ya timu. Kesho alfajiri kijiji kizima kiko shambani kwa kipa wetu. Nani anapinga?"

Nilimtazama mume wangu. Alikuwa bado juu ya mabega ya watu. Neno moja lake lingetosha, siku ile wangemsikiliza hata angewaambia warudi uwanjani kucheza tena. Akainama kutoka huko juu, akaniambia kwa sauti ndogo, "Mama watoto, usinitie aibu. Si unaona watu walivyofurahi?"

Kata ya kwanza alipewa yeye.

Jumatatu alfajiri nilikwenda shambani. Ukungu ulikuwa umekaa chini. Nilisimama na jembe langu, nikasikia mtu anakuja, nikageuka. Alikuwa mama mkwe na jembe lake lililolika. Tulilima. Jua lilipopanda nilikuwa bado nageuka kila nikisikia sauti njiani. Walikuwa watu wanapita na mambo yao, wanatusalimia vizuri, "Poleni na kazi." Mume wangu aliamka mchana, akala, jioni akaenda mazoezini.

Mvua ilinyesha tena mara moja wiki ile, ikakatika. Tulikuwa tumefanya ntumba za kona moja.

Mechi iliyofuata tulikwenda mjini na kiburi chetu, tukafungwa. Iliyofuata tukafungwa vibaya zaidi, mipira inampita mume wangu miguuni, na midomo ile ile iliyoimba ikamwita wavu uliotoboka. Baridi ya mwezi wa sita ilipoingia, mwalimu akapata uhamisho, mpira ukapasuka, hakuna aliyeushona. Nilikwenda tena kwa mwenyekiti, angalau nipate mkono wa kugeuza udongo ule mgumu.

Akanisikiliza mpaka mwisho. "Mkwe, mimi nilisema timu ikiendelea kushinda. Sasa mnataka kulimiwa kwa magoli mliyofungwa?"

Alisema "mliyofungwa". Kwenye kushinda alikuwa anasema "tumeshinda".

Mwaka uliofuata ulezi wangu ulijaza kapu na nusu. Kufika wakati wa palizi sikuwa na kitu. Niliteremka mlima ulio ukingoni mwa uwanda wetu mpaka Muze, kule bondeni, nikalima na kuvuna mashamba ya watu, nikapanda na mzigo wa mahindi kichwani, nikateremka tena. Mume wangu hakuteremka. Alisema watu wa huko bondeni waliwahi kumwona akidaka, angeona haya. Watoto waliishi, namshukuru Mungu. Mama mkwe kila jioni alisogeza sahani kwa watoto akisema ameshiba. Alikufa kabla ya ulezi mpya kukomaa. Sisemi njaa ilimwua. Nasema alikuwa anasema ameshiba.

Mume wangu aliishi miaka mingi baada ya hapo, na tulizaa wengine, na alilima. Lakini alipokutana na wenzake hadithi ilikuwa moja: jinsi tulivyoanza vizuri mwaka ule. Jirani, Msanzi, Matai, mjini. Wanazihesabu mechi kama rozari, mpaka kwenye penalti. Mimi napita na kuni zangu.

Msibani kwake walikuja wale wachache waliobaki. Nilikuwa nimekaa chini kwenye mkeka na wanawake, wao kwenye viti nje ya dirisha. Mmoja, aliyecheza beki, akaanza.

"Jamani, siku ile ya penalti! Marehemu alilala hivi!"

"Na sherehe yake!" mwingine akadakia. "Pombe ilikuwa nyingi, tulikunywa mpaka mbwa wakalewa."

Kijana akauliza, "Nani aliinunua, babu?"

"Kununua? Siku zile hakuna kununua. Kijiji kilitoa."

"Kijiji kilitoa," wenzake wakaitikia. "Siku zile watu walikuwa na umoja."

Nilitaka kusimama. Mwanangu wa kike akanishika mkono, akidhani ninazidiwa na kilio.

Kwa hiyo nimeandika. Kama nimekosea mpangilio wa mechi, kama waliokuja na lori hawakuwa wa Matai bali wengine, au goli la siku ile halikuwa moja, mnisahihishe, mimi ni bibi na macho hayaoni vizuri. Lakini kwa Jumatatu nataka mnisahihishe kwa namna nyingine. Kama yuko mtu aliyekuja shambani alfajiri ile na jembe, na ni mimi niliyemsahau, aje yeye au mjukuu wake aniambie alisimama upande gani. Nitampikia pombe.