Maji ya Ndama, Endulen

Mimi natengeneza sabuni Karatu, kwa mafuta ya alizeti. Mafuta yalipopanda bei nikaona biashara inanifia mikononi. Ndipo wifi yangu Nasieku, dada wa mume wangu, akapiga simu kutoka Endulen: "Wifi, huku shahamu ya kondoo tunawatupia mbwa. Njoo utufundishe kazi." Nilifungasha sufuria na kostiki, ile dawa kali ya kugeuza mafuta kuwa sabuni, huku naimba.

Asubuhi nikapanda Landikruza ya abiria. Kwenye lango la hifadhi, Lodoare, ukungu, ukingoni mwa kreta baridi ya kukata masikio, halafu tukashuka upande wa pili kwenye vumbi tupu. Jani bichi sikuliona. Nikafunika pua kwa khanga, nikaendelea kupiga hesabu za faida.

Mchana, Endulen. Nikapewa chai ya rangi, maziwa hakuna, wala sikuuliza kwa nini. Nikaingia kazini. Alizeti hainisumbui, ila shahamu ina harufu: unaichemsha na maji ya chumvi, unamwaga, unachemsha tena, mpaka harufu ikate.

"Wifi, maji!" Akaleta dumu. Nikamwaga. "Mengine!" Akaleta. La mwisho alikuja nalo amelikumbatia. Mafuta yakatoka meupe pee, nikajisifu mwenyewe.

Jioni, sabuni ikiwa tayari kwenye vibao vya kuigandishia, nikaomba maji ya kuoshea sufuria.

"Yameisha," akasema Nasieku.

"Si tukachote bombani?"

"Bomba gani, wifi? Punda wanaondoka alfajiri kuyafuata, wanarudi jua likizama, na leo wamepumzishwa. Hayo yalikuwa ya ndama wadhaifu, wasioweza kutembea mpaka kisimani."

Mungu wangu! Nikaiweka sufuria chini. "Sasa mbona hukuniambia?"

"Mgeni wa siku ya kwanza nimwambie hapana? Kwetu haifanyiki."

Kulipopambazuka, ndama mmoja hakuinuka. Shemeji, mume wa Nasieku, akauliza maji yalikwenda wapi.

"Nimeyamwaga mimi," Nasieku akawahi.

"Si kweli, shemeji. Ni mimi!" nikadakia.

Akaitazama sabuni yangu, akamtazama ndama. "Mgeni hana kosa," akasema, akaenda kuchukua kisu cha kuchunia ngozi. Heri angenitukana.

Nilirudi Karatu siku hiyo hiyo. Alizeti hunywa mvua shambani kabla haijanifikia, kwa hiyo sikuwahi kufikiria kiu ya sabuni. Siku hizi mtu akiniletea mafuta mapya, bei huja baadaye. Kwanza namuuliza: haya yatasafishwa kwa maji ya nani?