Bunge Letu Halijawahi Kupitisha Kitu kwa Kauli Moja

Bado siamini, na safari hii nina mambo mawili ya kutoamini.

La kwanza ni kwamba Kazungu, Spika wetu wa Marereni, hayupo. Jumatatu alitoka shift kule kiwanda cha chumvi, akaketi kibandani kwa chai, akasema kichwa kinamgonga. Alipofikishwa zahanati alikuwa ameshatutoka.

Presha ilikuwa yake tangu zamani, kwa hivyo kifo chenyewe sikishuku. Ninaowashuku ni walio hai.

Kwa msiotujua: bunge letu ni mabenchi mawili yanayotazamana mbele ya kibanda cha chai, watu wakitoka kazini. Siku hizi kila kijiwe kinaandikwa bunge, la wazee, la bodaboda, hata la vinyozi. Letu lilikuwa na Kazungu, na kwa ile sauti yake ya supervisor, akisema "order" hata kuku walinyamaza.

Mimi ni mama karanga. Nanunua samaki ufuoni, nakaanga, nauza. Siku ya kwanza nilipoketi pale wanaume waliguna. Spika akasema, "Mheshimiwa Riziki ana hoja. Asiyetaka kumsikiza akanywe chai kwake." Tangu hapo nikawa Mheshimiwa, hata nikiwa na magamba mikononi.

Alikuwa na sheria iliyotuudhi sote. Kabla hujatetea unachokitaka, uhamie benchi la pili utetee usichokitaka. Na hata tukikubaliana vipi, lazima mmoja abaki benchi la kupinga mpaka chai iishe.

"Wakikubali wote," alikuwa akisema, "kuna mmoja ameogopa, au kuna mmoja amelipwa."

Kwenye group la WhatsApp ndiko alikokuwa mkali zaidi. Ukiandika "Bunge limesema", anakujibu papo hapo: "Bunge halina mdomo. Andika nani kasema na nani kakataa." Mimi nilimwona msumbufu tu.

Sasa lile jambo la pili. Jumanne, hata kaburi halijachimbwa, ukurasa tusioujua ukaandika: "Bunge la Marereni limepitisha kwa kauli moja njia ya ufuoni ifungwe kupisha mradi wa mwekezaji, kama alivyotaka marehemu Spika wetu." Chini yake picha ya Kazungu akicheka, na mshumaa pembeni.

Kwa kauli moja. Kazungu huyu huyu?

Njia yenyewe inapita kati ya mabwawa ya chumvi mpaka samaki wanakoteremshwa. Ikifungwa tutazunguka na jua lote kichwani, na samaki watatuharibikia kwenye karai. Lakini watu wamesoma na wameamini. "Kama bunge limepitisha, basi," wengi wameandika hivyo. Binamu yangu wa Mtwapa alinipigia akidhani ni bunge la kaunti. Nikamwambia ni sisi wa chai, na hatujapitisha kitu.

Matangani, mama karanga wenzangu kadhaa hawakuja kupika. Wengine walikuja wakakaa mbali na jiko. Mkewe, Mama Sidi, akanishika mkono akaniuliza kwa sauti ya chini, "Riziki, niambie kweli. Mume wangu aliiuza njia?"

"Hakuiuza, wifi yangu," nikamjibu. Akaitikia kwa kichwa, lakini mkono wangu hakuuachilia. Hilo limeniuma kuliko msiba wenyewe.

Basi nimeanza kutazama watu. Kuna mheshimiwa mmoja wa bunge letu, jina silitaji, mwenyewe anajijua. Kila zamu yake ya kuhamia benchi la kupinga ilipofika, simu yake ililia. Sikumbuki kumwona amehama hata siku moja. Matangani alilia kwa sauti kumshinda mjane. Ana viatu vipya, ananunulia watu soda, na nilipoitaja njia akakumbuka ana mgeni wa kumpokea stendi.

Kikulacho ki nguoni mwako. Huenda namsingizia, Mungu anisamehe. Ila aliyeandika "kwa kauli moja" alikuwa akinywa chai yetu bila kusikiliza, au hajawahi kukanyaga pale. Pale kaburini nusura niseme point of order.

Sasa naongea na wewe, Kazungu.

Ijumaa ile tulipoijadili njia, uliniweka benchi la wanaotaka ifungwe. Mimi, wa watu wote! Nikakuambia siwezi. Ukasema, "Mheshimiwa, sema kama wao, na usiwapunje."

Nikasema. Ajira kwa vijana, taa, barabara ya lami, mama karanga kujengewa soko lao lenye barafu. Nilisema vizuri mpaka nikajiogopa, na kuna waliopiga makofi. Nikakununia.

Ukanisogezea mahamri yako. "Sasa unajua watakachokuja nacho," ukasema. "Jumatatu uhamie upande wako."

Jumatatu ndiyo uliyotuacha. Zamu yangu sikuipata.

Lakini Alhamisi ijayo chifu ameitisha baraza kuhusu njia, na zamu yangu nitaichukulia huko. Mama Sidi nitampitia, tutaingia pamoja, akae mbele watu wote wamwone. Waje na ajira yao, waje na taa, waje na soko la barafu. Yote hayo nimeshayasema kwa mdomo wangu mwenyewe, na najua yanapovuja.

Na atakayesimama kusema bunge limepitisha, nitamuuliza swali moja tu: nani alibaki benchi la kupinga?

Kwaheri, Bwana Spika. Jina lako hatutaliacha mikononi mwa watu wa mishumaa. Umechoka, nenda ukalale salama.

Benchi la kupinga nimelikalia mimi, na chai haijaisha.