Masizi ya Kichwa cha Treni

Darasa la nne sikulimaliza, na sioni haya kulisema, maana waliolimaliza ndio wanaokuja kuniuliza mambo. Kazi yangu nilijifundisha mwenyewe. Nilitengeneza malori na treni ndogo za kuweka mezani, mwili wa bati la debe, magurudumu ya mti, vioo vya plastiki. Wengine pale Kilosa walitengeneza vya watoto kukokota kwa kamba. Mimi nilitengeneza gari lenyewe, limepunguzwa ukubwa tu.

Soko langu lilikuwa Mikumi, kwenye barabara kuu, wanaposimama madereva wa malori ya Zambia na wageni wanaokwenda mbugani. Huko ndiko nilikojifunza siri ya kazi hii. Gari linalong'aa, mtu analitazama anapita. Lichakaze lilelile, lipake tope kwenye madigadi na masizi nyuma ya bomba la moshi, dereva anarudi kinyumenyume. Analishika, anacheka peke yake. Ni lake.

Ilikuwa miaka ile ya kuhamia vijijini, dukani rangi hupati hata ukiomba. Kwangu haikuwa shida, uchafu haukuhitaji kibali. Nilikuwa na vikopo vya dawa ya viatu kumi na vitatu, kila kimoja na unga wake, nimeuchekecha kwa soksi ya nailoni. Kutu ya mabati ni nyepesi, rangi yake kama bizari, inapeperuka ukiipumulia. Kutu ya boliti za relini ni nzito na nyeusinyeusi kama kahawa. Hiyo ndiyo kutu. Udongo mwekundu wa Rudewa, wa zile barabara za mashamba ya mkonge, unashika kidole hadi kesho yake. Wa Mikumi nilikuwa nabandua kwenye malori yenyewe, una lami na mpira ndani yake. Madereva walinitania, "Fundi, ukimaliza hilo geuza na upande wa pili, bosi atakushukuru."

Kila unga niliujaribu kwa njia moja. Napaka juu ya kipande cha bati kwa uji mwembamba wa muhogo, nakausha, nasugua kwa dole gumba mara saba. Kisha nakitia mfukoni, napanda nacho basi kutoka Kilosa hadi Mikumi. Barabara ile ilikuwa inang'oa hata meno. Unga uliofika ukiwa bado juu ya bati, huo ni wa kwanza. Sijamwona mtu mwingine aliyepima hivyo.

Sasa kulikuwa na mkwe wangu. Alikaa Mabwerebwere, hukohuko kwetu Kilosa, Mnyamwezi aliyeletwa na reli, na kazi yake ya maisha ilikuwa kuchochea moto kwenye kichwa cha treni, enzi za kuni. Kabla sijaoa kwake tulikuwa watani, maana Wanyamwezi na sisi Wasagara ni watani tangu mababu. Alikuwa akinikuta njiani ananivua kofia, anasema Msagara hana kichwa cha kuvalia. Nilipomwoa binti yake utani ule ukafa. Yakabaki shikamoo na marahaba, na baada ya marahaba tulikaa tukitazama kuku. Maneno yaliyokuwa kati yetu yalikwisha, na mimi nilimkumbuka sana mtu aliyekuwa akininyang'anya kofia.

Mwaka mmoja macho yake yakaanza kufunga. Daktari alisema si mtoto wa jicho, hakuna cha kukata, mwanga utapungua mpaka uishe. Jicho la kushoto bado lilikuwa linaona kidogo asubuhi, kitu kikiwekwa juani karibu na pua. Akamwambia mke wangu kuwa angependa kukiona tena kichwa chake cha treni, kile cheusi, kabla jicho halijafunga. Hakuniambia mimi. Lakini fundi katika ukoo alikuwa mmoja tu.

Nilikitengeneza kwa wiki tatu. Tanki, ngazi, mlango wa tanuri unaofunguka. Kisha, kwa kuwa ni kichwa cha zamani, nikakipa kutu yangu bora, ile ya boliti, kuanzia bomba la moshi mpaka magurudumu. Nilikuwa nimeviona vichwa vya zamani nyuma ya stesheni, vyekundu kwa kutu, majani yameota ndani. Nikajua ndivyo vilivyo.

Asubuhi nikakiweka juani mbele yake. Akakileta karibu na jicho, akakaa nacho muda mrefu. Kisha akageuza uso kwa binti yake, kwa sababu mkwe hamsemi mkwe.

"Mwambie mumeo kaniletea maiti."

Mke wangu akanitazama kana kwamba mimi sikusikia.

"Mwambie kichwa kinachofanya kazi hakipati kutu," mzee akaendelea. "Kutu ni ya kilichotupwa. Sisi kila tukifika tulikifuta. Kilikuwa na masizi, na mafuta, na vumbi la njia huku chini tu, na alama nyeupe za maji ya chumvi ya kule Ugogoni yalipokuwa yakivuja. Mwambie hivyo."

Nilikiri moyoni kwamba nimekosea, jambo nisilolifanya mara kwa mara. Nikakikwangua chote. Mtu mwingine angepaka masizi ya sufuria akamaliza siku ileile. Mimi nikasema huyu mzee atapata masizi ya kwanza, yasiyotoka. Nikayalinganisha. Ya sufuria, yana chenga. Ya mkaa wa mhunzi, yanapukutika. Ya kibatari, laini kama poda ya mtoto, na mafutamafuta yake yanashika. Nikajaribu chokaa ya aina tatu kwa zile alama za maji. Kila kipande kilipanda basi la Mikumi na kurudi. Mke wangu akaniambia, "Baba haombi kitakachofika Mikumi. Anaomba kitakachofika Mabwerebwere." Nikamjibu kazi nzuri haikimbizwi. Miezi miwili ikapita.

Nilipokipeleka, mzee alikuwa amekaa kivulini asubuhi, wala hakusogeza kiti juani. Nikaelewa kabla sijaambiwa. Hata hivyo nikakiweka mikononi mwake. Shikamoo yangu ilitoka nusu.

Akakipapasa kuanzia mbele. Akafungua mlango wa tanuri, akaufunga, akaufungua tena. Akanusa bomba la moshi. Kidole kikashuka ubavuni mpaka kwenye chokaa, kikasimama pale, kikafuata ile alama hadi chini. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa kitambaa chake cha pua, akaanza kufuta.

Alifuta kama mtu aliyefika mwisho wa safari, kwa mizunguko midogo, akitema mate kidogo kwenye kona. Masizi yangu yaliyokwenda Mikumi na kurudi hayakutoka. Akakaza mkono. Jasho likamtoka. Mwishowe akasema, na safari hii hakumgeukia binti yake:

"Msagara mchafu wewe. Umepaka nini humu, lami? Kichwa gani hiki kisichofutika?"

Miaka sita alikuwa hajaniita hivyo. Mke wangu akaingia ndani haraka, nikasikia anacheka.

Nikamwambia, "Mnyamwezi, mikono imezeeka hiyo. Nipe nikakitengeneze."

Nikakirudisha nyumbani, nikakisafisha, nikakipaka upya masizi ya sufuria, yale ya chenga, niliyokuwa nimeyaweka mwisho katika vikopo vyote. Bila uji wa muhogo. Nikakibeba kwa mikono miwili hadi Mabwerebwere kama mayai, masizi yasije yakapukutika njiani.

Akakifuta chote kwa muda wa chai moja. Akakinyanyua, akaniuliza kama kinang'aa. Nikamwambia kinang'aa mpaka kinaumiza macho. Akaniambia nisimdanganye, Wasagara hatujui kitu kisafi kinafananaje.

Kwa miaka minne iliyofuata, kila Jumapili nilikwenda na kikopo kile cha masizi, nikakichafua kichwa. Yeye alikuwa tayari na kitambaa.