Bi Zamzam, Mlinzi wa Simu Harusini

Bi Zamzam Abubakr ameninyang'anya simu mara saba, na sijamsamehe hata moja. Harusi ya wanawake hapa kisiwani Amu, ukishapita mlango na kuvua buibui, kabla hujapata kioo uone kama wanja umekaa sawa, mkono wake uko mbele yako. Hasalimu kwanza. Simu yako inatiwa ndani ya mfuko mdogo alioushona mwenyewe kwa vipande vya leso, wenye namba ya uzi mwekundu, nawe unapewa kitambaa chenye namba hiyo hiyo. Mfuko unatundikwa msumarini nyuma ya kiti chake. Wewe unaingia ukumbini hujui mikono uiweke wapi.

Kazi yake hasa ni kushona kofia, nyumbani kwake mtaa wa Wiyoni. Hii ya mlangoni alijipa mwenyewe miaka tisa iliyopita, pale picha ya bibi harusi mmoja, kichwa wazi na mabega wazi, ilipotoka ukumbini kabla ya magharibi na kufika kwenye simu za wanaume kabla ya isha. Yule binti alijifungia ndani mwezi mzima kwa aibu ambayo hakuitenda yeye. Kofia ya bwana harusi alikuwa ameishona Bi Zamzam, na jambo lile alilichukua kama ametukanwa yeye. Tangu siku hiyo hakuna picha iliyotoka penye mlango aliokaa. Ukimwambia simu umeizima, hujibu, "Nyoka akilala si nyoka?"

Tabu ni kwamba watengenezaji wa mitambo hii nao hawalali. Mwanzo zilikuwa simu tu. Kisha zikaja saa zinazopiga picha, zikaja miwani zenye kijicho pembeni, na kila kipya kikifika mjini Bi Zamzam alikijifunza kwa kutupekua miili. Sheria yake ni moja: chochote chenye taa ni simu mpaka kithibitike si simu. Kwa sheria hiyo alimvua Bi Swafiya, mwanamke wa miaka sabini na ushei, kile kifaa chake cha kusikilizia. Bi Swafiya alikaa harusi nzima akitazama, na alipotoka akasema waimbaji wa siku hizi wavivu, wanafungua midomo tu.

Hata mpiga picha aliyealikwa rasmi, binti anayeitwa Maram, haaminiwi. Kadi ya kamera yake hutolewa na kushonewa ndani ya pindo la gauni la Bi Zamzam mpaka bibi harusi aje kuidai kwa mkono wake. Nyumba ikiwa na waifai, ile ruta huibandua ukutani akaikalia. Na simu zikilia ndani ya mifuko hufungua na kujibu. "Abdulghafur, mkeo yuwateza ngoma. Wana wape mkate, usimsumbue." Waume wengi wa mji huu wanaijua sauti yake kuliko wanavyozijua za mama wakwe zao.

Sasa sikiliza yaliyomfika. Mwaka huu aliolewa mjukuu wake mwenyewe, Khairiya. Mama yake Khairiya ni Razan, binti pekee wa Bi Zamzam, ambaye mimi nilisoma naye chuo kimoja cha Kurani na kuchapwa kwa bakora moja. Razan ana miaka minne Arabuni, anafanya kazi za nyumba. Waajiri wake walimwahidi ruhusa ya harusi, kisha wiki tatu kabla wakaghairi. Hakulia sana kwenye simu. Aliomba kitu kimoja tu: siku mwanawe atakapotolewa na kukalishwa kitini amepambwa, amwone saa ile ile, si picha ya baadaye.

Bi Zamzam akakataa. Alikataa wiki zote tatu. "Nikikufungulia wewe, kesho n'tamfungia nani?" Tulidhani atalegea. Hakulegea, ila kofia alizoshona wiki zile zilikuwa na matundu yasiyolingana, na wateja wakazirudisha.

Siku ikafika. Baada ya alasiri wanawake mia mbili tuko ndani, dhahabu shingoni, asumini kichwani, mifuko imejaa kwenye misumari, ruta imekaliwa. Tunangoja bibi harusi atolewe. Tukangoja, tukangoja. Mwisho shangazi mmoja akaja mlangoni akamnong'oneza Bi Zamzam, nami niliyekaa karibu nikasikia kila neno: Khairiya amejifungia chumbani na hatoki, mpaka mama yake amwone. Kama mamake haoni, basi na mtu mwingine asione.

Bi Zamzam aliinuka juu ya ruta yake. Kisha akaingia katikati ya ukumbi. Ngoma zikanyamaza, maana hatujawahi kumwona akiacha mlango.

"Mwanangu Razan yu Arabuni," akasema, "ataka kumwona mwanawe. Naomba simu moya. Dakika tano."

Jamani, miaka tisa tulikuwa tunaisubiri siku hiyo. Bi Swafiya, na siku hiyo kifaa kilikuwa sikioni mwake kwa ruhusa maalumu, akaweka kiganja nyuma ya sikio. "Sikusikia. Rejea." Akarudia. "Sauti i tini, mama." Akarudia tena, kwa sauti iliyofika barabarani. Mwingine akauliza kama simu hiyo itakuwa imelala au macho. Mwingine akataka ruta ikaguliwe kwanza kama ingali nzima, baada ya kukaliwa vile. Mimi nilitaka aseme neno samahani, na ninaona haya kuandika kwamba nilimwambia hivyo mbele ya watu. Akalisema. Akaniangalia usoni akalisema, nami nikatamani nimeze ulimi.

Basi tukakubali, kwa sharti: kila mtu avae buibui lake kwanza. Mia mbili wakakimbilia chungu ya mabuibui mlangoni. Mfupi akavaa la mrefu, mrefu akavaa la mtoto, na joto la Machi lile, nywele tulizozikalia saluni tangu asubuhi zikaanza kushuka. Ukumbi wote ukawa mweusi kama tumekuja matangani. Ruta ikarudishwa ukutani. Khairiya akatolewa, akakalishwa, mzuri mpaka unataka kumfunika.

Bi Zamzam akapiga. Uso wa Razan ukatokea, nyuma yake lile pazia la kijani tulilolizoea kila akipiga. Lakini mlinzi ni mlinzi. Hakumgeuzia Khairiya simu.

"U pweke yako?"

"Ni pweke yangu, mama."

"Zungusha simu nione. Nyuma ya mlango."

Razan akasita, kisha akazungusha. Tuliokuwa nyuma ya Bi Zamzam tukaona pamoja naye. Mlango, na nyuma ya mlango ufagio na ndoo. Mashine ya kufulia. Magunia ya mchele yamepangwa mpaka dari. Pazia la kijani kumbe lilikuwa limeziba rafu ya sabuni. Dirisha hakuna.

"Tini ya kitanda," akasema Bi Zamzam.

"Sina kitanda, mama."

Godoro lilikuwa sakafuni, limekunjwa kidogo ili mlango upate kufunguka. Miaka minne Razan alituhadithia chumba chake, kitanda kipana, kiyoyozi, na Bi Zamzam alikihadithia kitanda hicho Wiyoni nzima mpaka mimi nikakionea wivu.

"Umeridhika, mama?" Razan alikuwa anajaribu kucheka. "Humu hata mwanamume akitaka kuingia hana pa kusimama."

Bi Zamzam aliishika simu kwa mikono miwili.  Aliyetangulia ni Bi Swafiya. Alilivua buibui lake akalitupa chini, akatengeneza mkufu wake kifuani.

"Mwana wa watu aonao ni mabuibui? Na aione harusi."

Nikavua langu. Wakavua wa mbele, wakavua wa nyuma, na hakuna aliyetaka dakika zihesabiwe. Ngoma zikapigwa. Bi Zamzam alimwonyesha kwanza Khairiya, na hapo mama na mwana wakalia, nasi tukageuka pembeni kuwapa nafasi. Kisha mlinzi wetu akaanza kupita nayo, kiti kwa kiti, uso kwa uso, akimtajia Razan kila mmoja, na yule aliyejificha akamvuta ajitokeze aonekane vizuri.

Ikafika kwangu. Nilijinyoosha nikacheka.

"Na huyo alonenepa hivyo ni nani?" akauliza Razan.

"Nasreen," akasema Bi Zamzam. "Shoga yako."

Razan alicheka mpaka akakaa chini, juu ya lile godoro, na mimi nilicheka huku nalia, sikutaka simu iondoke mbele yangu.