Mke Mdogo Hataki Mgagani

Mgagani ukianza kuchemka, harufu yake haibishi hodi. Juzi niliubandika jikoni kwangu hapa Bariadi, binti yangu akaziba pua na kutangaza kwamba leo hana njaa. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Maana, wenzangu, maneno hayo niliwahi kuyasema mimi, tena kwa kununa kuliko yeye.

Nilikuwa sijaanza shule nilipopelekwa Nkololo kwa wazazi wa baba. Mama alikuwa amejifungua, nami nilikuwa nimetoka kuugua surua, shingo imebaki kama ya kifaranga. Bibi alipewa kazi moja tu: mtoto arudi na mwili. Lakini kiangazi kile maziwa yalikuwa ya kubahatisha, na mboga ilikuwa mgagani, mchungu hata baada ya kumwaga maji ya kwanza na kuuunga kwa karanga. Nilikula ugali mkavu, mgagani nikausukumia ukingoni mwa sahani.

"Mchagua jembe si mkulima," bibi alinikumbusha.

Nikamjibu kwamba mimi sichagui jembe, nachagua mboga. Alicheka, lakini nilipompa kisogo nilimsikia akimwambia babu, "Mtoto huyu akitufia hapa, mama yake nitamwambia nini?"

Babu kwetu tunamwita guku. Sasa, kwa utani wetu, mjukuu wa kike ni mke wa babu yake. Bibi ni mke mkubwa, mimi mke mdogo. Kesho yake guku akanitania mbele ya watu wote: "Mke mdogo, leo sitaki cha mkubwa. Nipikie wewe."

Kichwa kilinivimba. Nilichuma mgagani kando ya zizi, nikauchambua, nikakoroga chungu huku bibi akinishikia mkono. Chakula kilipoiva, guku akafanya jambo ambalo wanaume wa pale hawakulifanya. Aliwaacha wenzake wakila uani, akabeba kigoda chake, akaja kuketi nasi jikoni.

"Mzee, siku hizi umekuwa mayu?" jirani mmoja alipaza sauti, yaani amekuwa mama. Wote uani wakaangua kicheko. Guku akamjibu kwamba ana ndoa changa, asisumbuliwe.

Alimega tonge, akachota mgagani, akameza. "Hee! Mkubwa, umeshindwa!" Kisha akanitazama kwa mashaka. "Mbona mpishi hali? Mke akipika halafu asionje, ujue kaweka limbwata."

Sikujua limbwata ni nini. Ila bibi alivyoshika mdomo, nilielewa kwamba hiyo ni kesi kubwa. Nikachota mgagani harakaharaka ili nijisafishe. Guku naye akachota. Kiangazi kizima tulikwenda hivyo, tonge langu, tonge lake, na mama alipokuja kunichukua alinikuta nina mashavu.

Nilikuwa mtu mzima, guku ameshazikwa, siku nilipompikia bibi mgagani nikamwambia, "Karibu chakula alichokipenda mume wetu."

Bibi akaweka tonge chini. "Nani, huyo? Ng'wanone, mwanangu, tangu anioe hakuwahi kutia mgagani mdomoni. Alikuwa akisema ni chakula cha mbuzi. Alianza kwako, na ulipoondoka hakuugusa tena."

Nililia palepale, mkono ukiwa kwenye sahani. Miaka yote ile niliamini kwamba ni mimi niliyekuwa nikimeza uchungu kwa ajili yake.

Basi juzi, binti yangu alipoziba pua, nilichungulia sebuleni. Baba yangu, ambaye siku hizi anaishi nasi, alikuwa akisubiri kipande chake cha samaki. Yeye na mgagani ni kama guku na mgagani.

"Baba," nikamwita, "mkeo yuko huku jikoni, amegoma kula."

Akanitazama. Akautazama mvuke wa chungu, akakunja uso. Kisha akainuka, akabeba kigoda chake.