Uji wa Klementina na Farasi Aliyelala Wima

Klementina wa Nachingwea alikuwa na kipaji kimoja: kuzindua walevi. Msimu wa mabibo, uraka, pombe ya mabibo hayo, ukishawaangusha watu, aliitwa hadi kijiji cha Chunyu na bakuli lake la uji mchachu. Maiti mmoja alinyweshwa kwa makosa, akaamka kuuliza kama umebaki mwingine.

Mumewe, Teofili, alimtunza farasi wa mzungu mmoja wa mashamba ya karanga. Siku farasi alipokanyaga msumari, hakushikika. Aliupiga teke mlango wa banda ukaenda kuangukia Ruponda. Mzungu akasema msumari usipotoka leo, farasi atapigwa risasi na Teofili atarudi kulima.

Bwana mifugo Eustakio akaja. Farasi alikuwa amenyimwa maji tangu asubuhi, hivyo alipoletewa ndoo ya maji yenye dawa chungu ya usingizi aliinywa yote. Watu wakanyamazishwa, maana dawa ile haimshiki vizuri mnyama aliyeshtuka. Taratibu kichwa kikashuka, mdomo wa chini ukaning'inia, miguu ikatanuka. Alilala wima. Msumari ukang'olewa.

"Asile kitu mpaka azinduke," Eustakio alisema, akaenda kunawa.

Klementina akachungulia bandani, bakuli la uji mkononi. Mdomo ule aliujua.

"Baba Magreti, huyu amelewa."

"Ni dawa, mama Magreti. Rudisha uji wako."

"Dawa, uraka, mdomo ni huohuo. Akifa hapa, utatulisha nini?"

Teofili hajamshika mkono, uji umeshaingia. Farasi akakohoa. Macho yakamtoka Teofili kuliko ya farasi.

Eustakio alirudi mbio, mikono ina mapovu. Akakiacha kichwa kiiname vilevile, uji ukamwagika chini.

"Koo nalo limelala, mama. Unataka uji uende mapafuni?"

Klementina akaketi kwenye majani. "Sasa atazinduka lini?"

"Dawa imo kwenye damu. Ini linaivunjavunja, figo zinaitoa nje. Subiri akojoe."

Wakasubiri. Klementina alishamwomba Mungu mambo mengi maishani, lakini mkojo ilikuwa mara ya kwanza. Jua lilipopinda, farasi akakojoa. Watu wa kijiji cha Matambarale, wakidhani ni mafuriko, wakaanza kuhamisha kuku. Kisha farasi akainua kichwa, akatazama huku na huku, akalamba bakuli likang'aa.

Tangu hapo, mlevi aliyeletwa kwa Klementina hakuonja uji kabla hajapelekwa nyuma ya nyumba. Teofili ndiye aliyesimama huko kuhakikisha.